Maiki za kurekodi mazoezi ya bendi: soma hii kabla hujatoa pesa

Swali ni lile lile na linarudi kila mara. Vijana wa bendi wananiuliza, watu wa kwaya wananiuliza, hata wazee wa rumba pale Nsambya, Kampala: tunataka kurekodi mazoezi yetu, tununue maiki gani? Ukiwauliza chumba chenu kikoje, mko wangapi, hiyo rekodi ni ya kazi gani, wananyamaza, wanataka tu jina la maiki waende mjini kununua. Basi nimeamua kuandika yote hapa, soma mpaka mwisho ndio ufungue pochi.

Msimamo wangu ni huu. Kwa mazoezi, maiki mbili zilizowekwa mahali pazuri zinashinda maiki nane zilizosimamishwa ovyo mbele ya kila chombo. Mazoezi sio studio, mko chumba kimoja, drams zinaingia kwa maiki ya mwimbaji, besi inaingia kila mahali, huwezi kuzitenganisha hata ufanye nini, kwa hivyo kazi yako ni kutafuta sehemu ya chumba ambapo bendi inasikika vizuri ikiwa pamoja, halafu unaweka masikio yako pale. Maiki zingine unaongeza baadaye, moja moja, kila moja ikiwa na sababu yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitu cha kurekodia. Inaweza kuwa rekoda ya mkononi kama Zoom au Tascam, au laptop na odio intafesi (kisanduku cha kuingizia maiki kwenye kompyuta). Kwa hapa kwetu mimi nasema anza na rekoda, inatumia betri, umeme ukikatika katikati ya wimbo bado inaendelea kurekodi.
- Maiki (tutazichagua hapa chini, usikimbie).
- Stendi nzito, angalau moja ndefu yenye mkono. Maiki nzuri kwenye stendi mbovu itaanguka, na ikianguka kwa sakafu ya saruji hiyo ni hasara.
- Kebo za XLR (zile za maiki zenye pini tatu) zinazofanya kazi, na moja ya akiba.
- Hedifoni zinazofunika masikio yote, sio zile ndogo za simu.
- Betri mpya, memori kadi iliyo wazi, na pawa benki kama rekoda yako inakubali kulishwa kwa USB.
- Mablanketi mazito, mikeka, godoro kuukuu. Sitanii, utaona hapa chini.

1. Amua hiyo rekodi ni ya nini

Kama mnataka tu kusikiliza makosa yenu, nani anakimbia, nani yuko nje ya ufunguo, solo gani ilikuwa tamu ili mwirudie wiki ijayo, basi rekoda moja yenye maiki zake mbili za ndani inatosha kabisa, ishia hapo, pesa inayobaki nunueni nyuzi za gitaa. Kama mnataka kumtumia mwenye hoteli ili awape kazi ya wikendi, ongeza maiki ya sauti ya mwimbaji. Kama mnataka kuweka mtandaoni watu wasikilize kama wimbo kamili, hapo ndio tunaanza kuongea maiki nne na kuchanganya kwa kompyuta.

Na simu je? Kila mtu anauliza. Simu inafaa kukumbuka riff au melodi iliyotoka ghafla mkiwa mnajamu, ila nyingi zinajirekebishia sauti zenyewe, drams zikipiga inashusha kila kitu, zikinyamaza inapandisha, na huwezi kujua kama ni bendi ilishuka au ni simu.

2. Sikiliza chumba kwanza

Simama katikati ya chumba, piga makofi mara moja, kwa nguvu. Ukisikia mlio unaorudi rudi kama chuma, hicho chumba kitaharibu maiki yoyote utakayoleta, ya bei yoyote. Vyumba vingi tunavyofanyia mazoezi Kampala ni kuta za matofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, juu mabati bila silingi. Hapo kila sauti inagonga na kurudi.

Tandika mikeka chini ya drams na pale waimbaji wanasimama. Tundika mablanketi kwa ukuta ulio nyuma ya drams na ule unaotazamana nao, acha nafasi kidogo kati ya blanketi na ukuta, usilibane. Godoro lisimamishwe kwenye kona karibu na besi. Piga makofi tena, utasikia tofauti. Hii kazi haigharimu kitu na ndio inayosaidia kuliko hatua zote zilizobaki.

Mabati na mvua hakuna dawa. Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba panga kurekodi asubuhi kama mnaweza, mara nyingi mvua inakuja mchana kwenda jioni. Na jenereta ya jirani, ulizia mapema.

3. Hesabu tundu ulizonazo

Watu wananunua maiki sita halafu wanakuta rekoda ina tundu mbili. Zoom H1n haina tundu ya XLR hata moja, ina maiki zake mbili za juu na jeki ndogo, basi. Zoom H4n Pro, Zoom H5 na Tascam DR-40X zina maiki mbili za ndani na tundu mbili za XLR, na zinaweza kurekodi zote nne kwa wakati mmoja kwenye faili tofauti. Zoom H6 ina tundu nne za XLR pamoja na zile za ndani. Kwa upande wa intafesi, Focusrite Scarlett 2i2 inapokea maiki mbili, Behringer UMC404HD inapokea nne, UMC1820 inapokea nane.

Kwa bendi ya kawaida, drams, besi, gitaa mbili, keybodi, waimbaji wawili, rekoda ya aina ya pili (H4n Pro, H5 au DR-40X) ndio napenda zaidi: mbili za chumba na mbili za kuongeza.

Onyo: maiki ya USB usinunue kwa kazi hii. Ni nzuri kwa mtu mmoja anayeongea mbele ya laptop, lakini ukitaka kuongeza ya pili na ya tatu kwenye kompyuta ile ile utapata shida nyingi, na haiingii kwa miksa wala rekoda.

4. Chagua aina ya maiki

Hapa ndio penyewe, soma polepole.

*Dainamiki au kondensa?* Dainamiki ni ngumu, haihitaji umeme, inavumilia kelele kubwa, na haisikii mbali sana. Kwa hivyo ni ya kuweka karibu: mdomoni, mbele ya ampu, kwa ngoma. Kondensa inasikia vitu vidogo vidogo, inasikia mbali, inahitaji umeme wa fantomu, volti 48, kutoka kwa rekoda au miksa. Kwa hivyo kondensa ni ya kuweka mbali, kusikiliza bendi nzima. Kosa la wanaoanza ni kupindua hii: wananunua kondensa kubwa ya studio kwa mwimbaji aliyesimama mita moja na nusu kutoka kwa drams, wakisikiliza wanapata matoazi tu, mwimbaji yuko nyuma kama yuko kwa jirani.

*Inasikia upande gani?* Angalia mchoro kwenye boksi. Kadioidi inasikia mbele na inapuuza nyuma, hiyo ndio unataka mara nyingi. Omni inasikia pande zote sawa. Kwenye chumba kizuri omni inatoa sauti asilia sana, lakini chini ya mabati inaokota kila mwangwi. Angalia hata maiki za ndani ya rekoda, Tascam DR-05X zake ni omni, za Zoom H1n ni kadioidi zilizopishana, kwa hivyo kwenye chumba chenye mwangwi H1n itakupa bendi iliyo karibu zaidi hata kama zote mbili ni ndogo.

*Majina.* Kwa dainamiki, Shure SM58 kwa mwimbaji na SM57 kwa vyombo. SM57 ilitoka 1965, SM58 ikafuata 1966, na mpaka leo ziko kila jukwaa kwa sababu hazifi. Ukiwa na pesa ya maiki moja tu ya kuongeza, chukua SM57, itakubali sauti, gitaa, snea (ile dramu ndogo ya kupasua), engalabi (ngoma ndefu), kila kitu. Bajeti ikiwa ndogo, Behringer XM8500 ni ya bei ya chini na kwa mazoezi inafanya kazi yake. Sennheiser e835 pia ni nzuri sana kwa mdomo. Kwa kondensa za chumba tafuta jozi ya zile nyembamba kama kalamu nene: Behringer C-2 kwa anayeanza, Rode M5 au NT5 kwa aliye na uwezo. Nasema jozi kwa sababu mbili ziwe aina moja, ukichanganya aina mbili upande wa kushoto utakuwa na rangi nyingine na wa kulia nyingine.

Onyo la kwanza: SM58 feki zimejaa. Nyingi ni nyepesi, ya kweli ina gramu kama 298 bila kebo, kwa hivyo nenda na ile ya rafiki unayoijua ni halali, au ipime kwa mizani ndogo ya dijitali, usione haya mbele ya muuzaji. Uzito peke yake hautoshi kwa sababu wengine wanaweka chuma ndani. Chomeka zote mbili kwa miksa ile ile, geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki) ile ile, ongea maneno yale yale, halafu geuza maiki uongee kwa upande wa nyuma: ya kweli inashuka sana, feki nyingi zinakusikia karibu kama mbele.

Onyo la pili: ile Shure SM7B mnayoiona kwa podikasti. Ni maiki nzuri sana lakini inataka geini karibu desibeli 60, rekoda ndogo zikifika huko zinaleta mvumo shhhh. Sio ya mazoezi.

5. Weka zile mbili za chumba

Msikae kama mko jukwaani mnatazama watazamaji ambao hawapo. Kaeni nusu duara, drams nyuma katikati, ampu za gitaa pande mbili, spika ya mwimbaji iwe pembeni ikitazama mahali maiki zilipo.

Simama mbele ya bendi hatua tatu au nne, bendi ipige wimbo mzito, ziba sikio moja, tembea polepole. Utapita sehemu ambapo besi inavimba, nyingine inapotea, halafu utafika mahali ambapo unasikia mwimbaji, kiki (dramu kubwa ya mguu), na gitaa zote mbili bila kujitahidi. Weka stendi pale pale. Urefu uwe juu ya kichwa kidogo, mita 2 hivi, maiki zikitazama chini kidogo kuelekea katikati ya bendi. Juu namna hiyo miili ya watu na matoazi hayazibi njia.

Kama ni rekoda yenye maiki za ndani umemaliza, zimeshapangwa. Kama ni jozi, panga kwa X: vichwa vya maiki vikaribiane sana, kimoja juu ya kingine bila kugusana, pembe ya digrii 90 kati yao. Iko njia nyingine ya kuziweka mbali mbali, inatoa upana mtamu, lakini sauti ya drams inafika kwa moja kabla ya nyingine (sauti inatembea mita moja kwa milisekunde 3 hivi) na watu wetu wengi wanasikiliza kwa simu yenye spika moja, pale pande mbili zikiunganishwa besi inaweza kupotea. X haina shida hiyo. Anza na X.

Onyo: usiweke stendi kwa ukuta au kwa kona, besi itajaa kila kitu. Na usiweke rekoda juu ya meza, spika au ampu, itarekodi mtetemo.

6. Ongeza moja moja, kwa mpangilio huu

Ya tatu iwe sauti ya mwimbaji. Kama mna miksa, usimwekee maiki ya pili mdomoni, chukua sauti kutoka kwa tundu ya rekodi au aux (tundu ya ziada ya kutolea sauti) ya miksa. Lakini angalia, sauti inayotoka kwa miksa ni kubwa kuliko ya maiki, punguza kwa miksa kwanza na kama rekoda ina swichi ya line iweke huko, la sivyo itapasuka hata geini ikiwa chini.

Ya nne iwe kiki au besi, moja tu. Jozi ya chumba inapata matoazi na snea bila shida, inayokosa ni uzito wa chini. AKG D112 na Shure Beta 52A zimetengenezwa kwa kiki, iweke karibu na tundu la ngozi ya mbele. Kama huna, tumia SM57, au rekodi besi moja kwa moja kwa DI boksi (kisanduku cha kupeleka sauti ya gitaa kwa rekoda bila maiki).

Ampu ya gitaa ikihitaji maiki, SM57 iwe sentimita 3 hivi kutoka kwa kitambaa cha spika, sio katikati kabisa, katikati sauti inachoma masikio. Sogeza kidogo kuelekea ukingo wa koni, sikiliza, simama pale unapopenda.

Vyombo vyetu vya asili vinataka akili yake, na hapa watu wengi wanakosea kwa sababu kila maelezo yanaongea drams na gitaa tu. Adungu (kinubi) ni tulivu, ukiiweka kando ya drams imekwisha. Mpeleke mpigaji upande wa pili wa chumba, weka kondensa moja nyembamba sentimita 30 kutoka kwenye boksi lake, juu ya ngozi, na mgongo wa maiki utazame drams. Engalabi inataka dainamiki kwenye ukingo wa ngozi, sentimita 10 hivi, isielekee pale mkono unapotua, na kama una maiki ya ziada iweke chini pale mti uko wazi, besi yote inatokea huko. Amadinda (marimba ya vigogo) wapigaji wanakaa wakitazamana, basi maiki iwe juu ya vigogo katikati yao, juu ya kutosha wasiigonge. Akogo (kalimba) ni ndogo sana kwa chumba chenye drams, ibandikie pikapu (kifaa kidogo kinachoshika mtetemo) kwenye ubao.

Kila ukiongeza maiki, kumbuka kanuni ya moja kwa tatu: kama maiki iko sentimita 30 kutoka kwa chombo chake, maiki ya chombo kingine iwe angalau sentimita 90 kutoka kwa maiki hiyo. Haiponyi kila kitu ila inapunguza kupigana kwa sauti.

7. Panga geini

Zima auto level (rekoda kujipandishia na kujishushia sauti yenyewe), sijui kwa nini rekoda nyingine zinakuja ikiwa imewashwa. Waambie wapige sehemu yenye kelele kuliko zote, sio utangulizi mpole, ile seben yenyewe (sehemu ya kasi ya gitaa kwenye rumba) kila mtu akiwa amechangamka. Mshale wa kipimo cha sauti ufike kama desibeli -12, ukigusa -6 mara moja moja sawa, 0 kamwe. Halafu shusha kidogo tena, kwa sababu watu wakipata moto wanapiga kwa nguvu kuliko walivyopiga kwa kujaribu, siku zote.

Rekodi WAV, biti 24, 48 kHz. Stereo ya hivyo inakula kama GB 1 kwa saa, traki nne (maiki nne kila moja na yake) kama GB 2. Rekoda mpya za 32-bit float kama Zoom H1essential hazihitaji upange geini, lakini maiki yenyewe bado inaweza kuzidiwa ukiiweka kwa mdomo wa spika.

8. Dakika moja ya majaribio

Rekodi dakika moja, simamisha, vaa hedifoni nje ya chumba, sikiliza. Drams zikizidi rudisha stendi nyuma au sogeza drams. Mwimbaji akipotea, geuza spika yake. Usirekebishe kwa kununua, rekebisha kwa kusogeza. Rudia mpaka uridhike, halafu weka alama ya tepu sakafuni chini ya kila mguu wa stendi, wiki ijayo mnakuja mnaweka tu.

Simu zote ziwe airplane mode, au zikae mbali na kebo. Ule mlio wa trrrt trrrt simu ikitafuta mtandao unaingia kwenye rekodi na hautoki.

Ikigoma

*Kondensa haitoi sauti kabisa.* Fantomu haijawashwa. Iwashe, ngoja sekunde chache. Wakati wa kuchomeka na kuchomoa iwe imezimwa. Dainamiki haidhuriki nayo kama kebo ni nzima, ila maiki za riboni za zamani zinaweza kufa, uliza kwanza.

*Betri inaisha haraka.* Fantomu inakula betri. Kama maiki zako zote ni dainamiki izime.

*Mlio wa mmmm usiokoma.* Ni umeme wa 50 Hz. Chomeka ampu, miksa na laptop kwenye ekstenshoni moja, epusha kebo ya maiki isilale sambamba na ya umeme. Jaribu laptop kwa betri, mlio ukiisha shida ni chaja. Usikate waya wa ardhi wa plagi ili kuondoa mlio, mpiga gitaa anashika nyuzi za chuma na mdomo uko kwa maiki ya chuma, hiyo inaua mtu.

*Inapasuka ingawa mshale uko chini.* Kitu kilichotangulia rekoda kimezidiwa: miksa, au maiki iko karibu sana. Rudi nyuma kutoka chanzo.

*Kwa hedifoni ni nzuri, kwa simu besi imepotea.* Maiki mbili zinapingana. Geuza fezi (mwelekeo wa mawimbi ya sauti) ya moja kwenye programu ya kuhariri sauti kama Reaper au Audacity, chagua upande wenye besi nyingi.

*Sauti imefifia ghafla, inakwaruza, baada ya msimu wa mvua.* Kondensa imeshika unyevu. Iweke kwenye boksi lililofungwa na vile vifuko vya silika jeli vinavyokuja na viatu, siku mbili tatu, mara nyingi inarudi.

*Mmetumiana kwa WhatsApp na sauti imeharibika.* Mlituma kama voisi. Tengeneza nakala ya MP3 ya kbps 256, itume kama dokumenti, na ile WAV ibaki kwa diski, usiifute mpaka bendi yote imeisikiliza.